Rojo la Bi Kazija na Sheria ya Kuazima Majina

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ikitajwa, majirani zake watatu watalalamika kwamba wamesemwa wao, na wenyeji wake watasema hapana, hiyo ni ya jirani. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina bunge, ina mvua mbili kwa mwaka, na ina Wizara ya Ukuaji ambayo jengo lake linaendelea kujengwa tangu uhuru.

Katika nchi hiyo, mjini Kwamfereji, mtaa wa Bondeni, aliishi mama mtu mzima aitwaye Bi Kazija, mwenye sauti ya chini na mkono mwepesi, aliyekuwa akikaanga vitumbua kwa miaka thelathini na moja. Vitumbua vyake mtu alivijua hata ukimfumba macho. Vilikuwa laini ndani, vikavu pembeni, na vina uchachu kidogo, ule unaomfanya mlaji atafute cha pili kabla hajameza cha kwanza. Siri haikuwa iliki wala nazi. Siri ilikuwa rojo. Kila asubuhi akimaliza kukaanga, Bi Kazija alibakiza rojo la mchele kidogo chini ya chungu, akalitia konzi ya unga wa mchele na maji, akalifunika kwa kitambaa. Kesho yake limeshachachuka, analichanganya na unga mpya, na mambo yanaendelea. Hamira ya dukani hakuwahi kuigusa. Rojo lile alipewa na somo yake, marehemu Bi Arafa, naye Bi Arafa alipewa na mwingine, na huko nyuma zaidi hakuna ajuaye. Siku ambayo rojo halikulishwa haikuwahi kuwepo, hata siku za msiba.

Mwanamke akitaka kuanza kukaanga mtaa mwingine, hakwenda benki wala kwa wakili. Alikwenda kwa Bi Kazija alfajiri, na bakuli tupu na kilo moja ya mchele. Bi Kazija alimimina upawa mmoja wa rojo kwenye bakuli, kisha akasema maneno yale yale aliyoambiwa yeye alipokuwa msichana: "Si yangu, nimepewa. Nenda kakaange." Masharti yalikuwa matatu na hayakuandikwa popote. Usikaange mahali ninapoona moshi wako. Kila Ijumaa niletee sahani nionje. Ukitia hamira, usitaje jina langu. Aliyevunja sharti hakushtakiwa mahali. Bi Kazija alipita tu mbele ya meko yake asubuhi bila kusimama, mtaa mzima ukaona, na kabla ya Jumatatu mtu huyo alikuwa ameshajirekebisha.

Kwa mtindo huo wanawake saba walikuwa wakikaanga pande zote za Kwamfereji, wote kwa jina la Kazija, na hawakuwahi kugombana. Mbishi alikuwa mmoja tu, Sihaba wa Mtambani, naye alibishana hata na paka wake.

Basi Rais wa nchi hiyo akasafiri ng'ambo, kama marais wanavyotakiwa, na huko akalishwa andazi la pete. Akaambiwa andazi hilo hilo, kwa jina hilo hilo, linauzwa katika miji elfu nne, na mwenye jina hakaangi hata moja. Rais aliligeuza geuza andazi mkononi. Aliporudi alihutubia taifa kwa saa mbili na nusu, akasema sasa ameelewa kwa nini wenzetu wako mbele. Wenzetu wanaazimana majina ya biashara, na sisi majina tunayo, tumeyakalia.

Haukupita mwezi, bunge likapitisha Sheria ya Kuazima Majina ya Biashara, yenye vifungu mia mbili na kumi na vinne. Kifungu cha kwanza kilisema lengo la sheria ni kurahisisha. Vilivyobaki vilieleza namna. Ilifunguliwa ofisi ya ghorofa tatu, na Msajili Mkuu akawa Bwana Lugendo, mtu mpole, msafi, aliyeipenda kazi yake kwa dhati. Kwa miezi minane alikaa akisubiri mtu wa kumsajili. Waziri wa Ukuaji alipompigia simu kuuliza biashara zimefika ngapi, alijibu kwamba zinatarajiwa.

Asubuhi moja Bwana Lugendo akiwa mezani anakula kitumbua alichonunua Mtambani, akakumbuka kile alichokula juzi Bondeni, na cha wiki iliyopita Sokoni. Vyote vilikuwa kitumbua kimoja. Akaacha kutafuna. Jina moja, ladha moja, sehemu nane. Ukuaji uliokuwa ukitafutwa na taifa zima alikuwa anautafuna kila siku na chai.

Alikwenda Bondeni mwenyewe, na tai shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vingapi leo?"

"Leo sikuja kula, mama. Nimekuja kukupongeza. Kwa mujibu wa sheria, wewe ni Mwenye Jina wa kwanza katika Jamhuri. Una matawi saba."

Bi Kazija alicheka, akageuza kitumbua kwa kijiti. "Matawi ninayo, baba? Mimi nina chuma hiki cha kukaangia na mguu unaouma."

"Unayo, mama. Njoo ofisini Jumanne tukusajili, ulindwe. Maana usiposajiliwa, mtu yeyote anaweza kuja akakunyang'anya."

Neno kunyang'anywa lilimwingia. Miaka thelathini na moja hakuwa amewahi kulifikiria, na sasa usiku hakulala vizuri. Bi Kazija alikuwa mtu wa kutii. Alipoambiwa apige foleni alipiga, alipoambiwa ajitokeze kuhesabiwa alikuwa mlangoni tangu asubuhi, amevaa. Jumanne alifunga kazi mapema, akajifunga kanga mpya, akaenda.

Alikalishwa mbele ya meza ndefu. Bwana Lugendo alifungua Fomu ya Mwenye Jina, akasafisha koo, akasoma swali la kwanza kwa sauti ya serikali: "Je, kitu hiki unachowaazima wengine, ni chako?"

Sasa, watu wa Kwamfereji wana adabu zao. Ukimsifia mtu kanzu atakuambia ameazima. Ukimuuliza mama kama mtoto yule mzuri ni wake, atasema ni wa Mungu. Na kuhusu rojo, jibu lilikuwa moja tu, alilofundishwa na Bi Arafa na kulisema mara saba, na mdomo ulilitoa kabla hajafikiri.

"Si yangu, baba. Nimepewa."

Bwana Lugendo akaweka kalamu chini. "Mama, hebu nikuulize tena."

"Uliza, lakini sitasema uongo nimekaa mbele ya picha ya Rais. Si yangu. Nimepewa na somo yangu, Bi Arafa."

"Yuko wapi huyo Bi Arafa?"

"Makaburi ya Mwembeni. Mwaka wa ishirini na mbili huu."

Ikaandikwa hivyo. Na kikishaandikwa, katika nchi hiyo, hakifutiki, kwa sababu raba ziko chini ya wizara nyingine. Kifungu cha thelathini na moja kilikuwa wazi. Anayeazimisha kisicho chake husimamishwa mpaka mwenyewe apatikane. Wakati wa kusubiri, kitu chenyewe kisitumike popote, kilichoko kwenye matawi kiharibiwe, na sampuli moja itunzwe na Msajili katika chumba cha chuma.

"Itunzwe vipi?" aliuliza Bi Kazija.

"Kwa usalama mkubwa kabisa, mama. Ufunguo ninao mimi."

"Sikuulizii wizi. Inakula. Kila asubuhi inataka konzi ya unga na maji. Siku tatu, nne bila kula, inakufa. Ikifa hakuna nyingine, hata duniani."

Bwana Lugendo alifungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole. Aliumia kweli, maana alikuwa mlaji. Lakini hakukuwa na kifungu kilichoruhusu kielelezo kulishwa. Kulikuwa na kimoja kilichosema atakayekigusa atafungwa miaka miwili.

"Nitaandika barua juu," alisema. "Nitaandika leo leo."

Maofisa wawili walimfuata mpaka nyumbani. Bakuli moja la rojo likapigwa lakiri nyekundu, likaandikwa Kielelezo A. Kilichobaki chunguni walimwambia amwage. Bi Kazija hakutaka mkono mwingine ufanye hivyo. Alikimwaga mwenyewe kwenye mfereji, akakisugua chungu kwa majivu, akakiosha mara tatu, nao wakasimama wakiandika idadi ya mara. Alikuwa analia, na mmoja wa maofisa alikuwa anaangalia pembeni.

Jioni hiyo aliwaita wanawake wake saba, akawaeleza na wao wakamwage.

"Walikuuliza nini hasa?" Sihaba alisema.

"Waliniuliza kama ni yangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nisemavyo siku zote."

Sihaba aliinuka, akajifunga kanga vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hajabisha.

"Kamwageni," alisema Bi Kazija. "Ni kwa siku chache. Ile ya ofisini italishwa, nitaikomboa, nitawagawia tena wote. Msinitie aibu kwa serikali."

Kesho yake asubuhi Bi Kazija alifika ofisi ya Msajili na kikopo cha unga wa mchele uliokorogwa. Akaambiwa barua imekwenda juu. Akakaa kwenye benchi. Kesho kutwa yake akaja tena na kikopo kipya. Askari wa mlangoni alimzoea, akawa anamwachia upande wa kivuli. Siku ya nne alimwomba askari amruhusu japo aweke sikio mlangoni, maana rojo likiwa hai hutoa sauti ndogo ya mapovu. Askari alimruhusu. Chuma kilikuwa kinene, hakusikia kitu, akajipa moyo kwamba ni kwa sababu ya chuma.

Wakati huo sheria ilikuwa kazini. Bi Arafa aliitwa rasmi afike ofisini kuthibitisha umiliki wake. Wito wa kwanza ulibandikwa kwenye lango la makaburi ya Mwembeni, akapewa siku kumi na nne. Hakufika. Wito wa pili ulikuwa na maneno makali zaidi. Wito wa tatu ulisomwa redioni baada ya matangazo ya vifo, na ndugu wa marehemu wakapika uji wa watu wa msibani kwa sababu walidhani amekufa tena.

Katika kipindi hicho hicho kampuni ya andazi la pete kutoka ng'ambo ilisajiliwa. Ilichukua saa moja na nusu, kwani makaratasi yao yalikuja yamejalidiwa kabisa, na kwenye swali la kwanza walijibu "Ndiyo" kwa herufi za kuchapwa. Bwana Lugendo alialikwa kuonja. Alikula nusu, akasema ni tamu sana, iliyobaki akaifunga kwenye karatasi.

Waziri wa Ukuaji alifanya mkutano mkubwa wa kutathmini sheria, na Bi Kazija akapewa kiti cha mbele kama mfano.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "kabla ya sheria hii, tulikuwa na wauza vitumbua wanane wasiojulikana na takwimu yoyote. Walikuwa wanakaanga tu. Leo hawakaangi, lakini wanajulikana. Kila mmoja ana faili, kila faili lina namba, na kwa ajili ya mafaili hayo tumeajiri watu kumi na sita. Niambieni, huo si ukuaji?"

Watu walipiga makofi. Bi Kazija naye alipiga, mara mbili, kikopo kikiwa katikati ya magoti.

Majibu ya barua yalirudi siku ya arobaini na moja. Juu walikuwa wamekaa wakalijadili suala zima kwa hekima. Walisema kwa kuwa marehemu ameitwa mara tatu na hakupinga, kunyamaza kwake kuhesabiwe ridhaa, na Bi Kazija atambuliwe kuwa Mwenye Jina halali, Cheti Namba Moja, alimradi atamke mbele ya Msajili kwamba kitu ni chake. Kuhusu kukilisha kielelezo, walisema pendekezo ni zuri na litaundiwa kamati.

Bwana Lugendo alimsomea mwenyewe, akitabasamu. "Sasa mama, swali ni lile lile. Je, ni chako?"

Bi Kazija alitazama picha ya Rais, akatazama mikono yake. Alijisikia kama mtu anayetakiwa kumvua nguo marehemu. Lakini aliwafikiria wanawake saba waliokaa majumbani, akafikiria mlango wa chuma.

"Ni yangu," alisema.

"Kwa sauti kidogo, mama. Kwa ajili ya kumbukumbu."

"Ni yangu. Nipeni sasa."

Mlango ukafunguliwa. Lakiri ilikuwa nzima, hakuna aliyeigusa, sheria ilikuwa imefuatwa kwa ukamilifu. Ndani ya bakuli palikuwa na gamba la kijivu lililopasuka pasuka na kubanduka pembeni. Bi Kazija alilimiminia kikopo chote cha unga na maji, akalikoroga kwa kidole, akalifunika kwa upande wa kanga, akakaa nalo pale pale sakafuni mpaka ofisi zikafungwa. Siku tatu nyumbani alilikanda, akaliweka karibu na meko, akalisemesha. Siku ya nne likatoa harufu mbaya, naye akalizika nyuma ya nyumba.

Cheti alikitundika ukutani. Kilikuwa kizuri, kina ukingo wa dhahabu. Akanunua hamira ya dukani, akakaanga. Wateja wake walikuja wote siku ya kwanza, wakala kwa heshima, wakasema ahsante Bi Kazija, pole na usumbufu. Siku ya pili walikuja nusu. Siku ya tano alikuja Bwana Lugendo peke yake, akala kimoja, hakutafuta cha pili.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, akiangalia barabarani. "Ladha si ushahidi, na mimi hapa sikuja kama Msajili. Lakini nina ulimi. Nenda Mtambani asubuhi."

Alikwenda alfajiri, na bakuli tupu na kilo moja ya mchele, kama alivyokwenda kwa Bi Arafa akiwa msichana. Hajafika hata kwenye kona, harufu ilimpokea. Ilikuwa ile yenyewe, na uchachu wake. Bi Kazija alisimama njiani akaivuta harufu kwa furaha. Haikufa. Kulikuwa na mbishi mmoja, na ubishi wake umeiokoa.

Watu walikuwa wamejipanga mpaka nje ya uzio. Sihaba alikuwa mbele ya chuma, na nyuma yake ukutani kulikuwa na cheti chenye ukingo wa dhahabu. Kilikuwa Namba Mbili, kwani Namba Moja alikuwa amewekewa Bi Kazija, na tarehe yake ilikuwa zaidi ya wiki tano kabla ya Namba Moja.

"Shikamoo mama," Sihaba alisema. Aliona bakuli, akaacha kukaanga.

"Marahaba mwanangu. Hukumwaga."

"Nilishindwa. Nilifika nayo mpaka mferejini, mkono ukakataa."

"Mungu akubariki mkono." Bi Kazija alinyoosha bakuli. "Nimekuja kuomba rojo."

Sihaba hakushika upawa. Alifuta mikono kwenye kanga, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kesho yake tu nilikwenda kwa Msajili," alisema. "Uliposema vile walivyokuuliza, nikajua jibu wanalotaka. Wakaniuliza kama ni yangu. Nikasema yangu, hata sikupepesa. Jioni nikapewa cheti. Nililia njia nzima, mama, lakini rojo nililikuta hai, nikalilisha. Kukaanga nilianza baada ya mkutano wa Waziri."

"Umefanya vizuri. Nimiminie basi."

"Nikikumiminia bila fomu wanakuja kuimwaga na hii. Kifungu cha thelathini na moja. Wameshanikagua mara mbili, wanapima mpaka kina cha chungu." Alikifunika chungu. "Wale wenzetu sita walishakuja. Wote walijaza. Na jina inabidi liwe langu, ndivyo lilivyosajiliwa. Ijumaa wananiletea sahani."

 Kila mtu kwenye foleni alikuwa amekula mikononi mwa Bi Kazija, na kila mmoja alipata kitu cha kuangalia chini.

"Ningekuwa na njia, mama," alisema Sihaba.

"Najua. Lete hiyo fomu."

Sihaba aliingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu, akafuta benchi kwa kiganja ili mama yake akae. Ilikuwa Fomu ya Mwazima Jina, na juu kabisa palikuwa na mstari mtupu na maelekezo: mwombaji aeleze kwa maneno yake mwenyewe kitu anachoazima ni mali ya nani na amekipataje.

Bi Kazija aliweka bakuli mapajani, karatasi juu ya bakuli. Mkono wake haukuzoea kalamu, na herufi zilitoka kubwa kubwa, moja moja. Akaandika: Si yangu, nimepewa. Sihaba alisoma kutoka begani, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapo amejibu sawasawa, kisha akaenda kuchukua upawa.